Daktari wa Kanda ya Ziwa afundishwe mwaloni pia

Nyegezi, jijini Mwanza, ina nafasi katika historia ya elimu ya afya nchini ambayo haisemwi sana. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, chenye makao yake upande wa Malimbe, ndicho kilichokilea chuo cha tiba cha Bugando kilipoanza mwaka 2003 kama chuo kishiriki chake. Wanafunzi wa kwanza wa udaktari walikuwa 10 tu. Kabla ya hapo kijana wa Mwanza, Geita au Ukerewe aliyetaka kusomea udaktari alifunga safari ya Dar es Salaam au Moshi, na wengi walioondoka hawakurudi. Leo Bugando ni chuo kikuu kamili kinachofundisha udaktari, uuguzi, famasia na sayansi ya maabara. Shabaha ya waanzilishi ilikuwa kusomesha wataalamu karibu na wagonjwa watakaowahudumia, na ilikuwa shabaha sahihi. Ninachodai ni kwamba kazi hiyo imefika nusu njia. Chuo kimesogezwa kando ya ziwa, lakini masomo yenyewe bado yanakaa zaidi ndani ya kuta za hospitali ya rufaa ya Bugando. Kila mwanafunzi wa shahada ya afya katika kanda hii anapaswa kukaa angalau muhula mmoja mzima kwenye zahanati au kituo cha afya cha vijijini, na muhula huo utahiniwe kwa uzito uleule wa wodi.

Kichocho kinaonyesha kwa nini. Mwanafunzi akiwa kwenye raundi Bugando humkuta mvuvi wa makamo aliyeletwa usiku akitapika damu. Bandama limevimba, tumbo limejaa maji, na mishipa ya umio imepasuka kwa sababu ini limejaa makovu na damu haipiti tena inavyotakiwa. Mwanafunzi hujifunza kuongeza damu, kutuliza mgonjwa, na jinsi bingwa anavyoufunga mshipa unaovuja. Hayo ni mafunzo ya lazima, ila ugonjwa huo ulianza miaka mingi nyuma, mtu huyo akiwa mtoto anayeoga ziwani. Mayai ya minyoo hutoka na kinyesi, yakifika majini huanguliwa, kimelea huingia kwa konokono mdogo anayeishi kwenye majani ya pembezoni, kisha hutoka humo na kupenya ngozi ya yeyote aliyesimama majini, kwa dakika chache tu. Mayai yanayobaki mwilini hunasa kwenye ini, kovu juu ya kovu, bila maumivu ya kumpeleka mtu hospitalini. Mwanafunzi aliyefundishwa wodini pekee anaukuta ugonjwa ukiwa mwishoni, wakati ambapo tiba ni ghali na ini haliwezi kurudi lilivyokuwa.

Mwaloni, pale wavuvi wanapotia nanga, mwanafunzi huyo angejifunza mambo yasiyoonekana kutoka ghorofa za Bugando. Angeona watoto wa shule wakipimwa kimo kwa fimbo ili kujua kila mmoja ameze vidonge vingapi vya prazikwanteli, na siku hiyohiyo angeona baadhi yao wamerudi majini na ndoo. Dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa. Haiigusi sana minyoo michanga, na haimzuii mtoto kuambukizwa upya. Angeuliza kwa nini kambi ya wavuvi haina choo, na angejibiwa na ardhi yenyewe: mahali pengine ni mwamba usiochimbika, mahali pengine ni mchanga unaobomoka kabla shimo halijafika kina. Angekaa na wanawake wanaofua kwenye maji hayohayo na kuelewa kwamba kumwambia mtu asiguse ziwa si ushauri, kwa sababu hana bomba. Mwanafunzi wa maabara angeketi kwenye hadubini na sampuli zenye mayai yale yenye mwiba ubavuni, si picha ya kitabuni. Mwanafunzi wa uuguzi angefungua rejesta za MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, na kuona ni wajawazito wangapi walihudhuria kliniki mara moja wasirudi tena, na kutoka vijiji gani. Yote haya ni utabibu. Ni ule utabibu unaomzuia mvuvi asifike wodini akitapika damu.

Si wazo la kubuni. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo ya kuwapata na kuwadumisha watumishi wa afya vijijini, na katika elimu lilisisitiza mambo yaleyale: wachukuliwe wanafunzi waliokulia vijijini, vyuo viwe nje ya miji mikuu, mafunzo kwa vitendo yafanyike vijijini, na mitaala iguse matatizo ya huko. Nchini Ufilipino, chuo cha tiba cha Zamboanga kilianzishwa mwaka 1994 katika eneo lililokuwa na madaktari wachache mno. Wanafunzi wake huishi na kufanya kazi katika jamii za vijijini kwa sehemu kubwa ya masomo, na wengi wa wahitimu wamebaki kuhudumia eneo hilohilo. Thailand nayo ilianza katika miaka ya 1990 mpango wa kuwasomesha vijana wa mikoani kwa ajili ya hospitali za mikoani kwao. Hata sisi tulishaijua njia hii. Baada ya Azimio la Arusha, serikali ilielekeza nguvu kwenye zahanati na vituo vya afya vya vijijini, miaka kadhaa kabla mkutano wa Alma-Ata wa 1978 haujaifanya afya ya msingi kuwa ajenda ya dunia. Tulijenga zahanati kwa fikra hiyo, lakini shahada zetu tuliendelea kuzijenga kwa fikra ya hospitali kubwa.

Wapo watakaosema vyuo tayari vina vipindi vya kwenda kwenye jamii. Vipo, na vinastahili sifa, lakini kwa kawaida ni wiki chache: mwanafunzi anafika, anajaza dodoso, anaandika ripoti, anaondoka. Katika muda huo hawezi kumfuata mjamzito mmoja hadi ajifungue, wala kurudi kwenye kaya aliyoishauri kuona kama kuna kilichobadilika. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la walimu. Nani atamfundisha mwanafunzi wa shahada kwenye zahanati yenye tabibu mmoja na muuguzi mmoja? Jibu langu ni kwamba tabibu na muuguzi hao ni walimu, na kutowatambua ni dharau tuliyoizoea. Mganga mfawidhi aliyezalisha, kushona majeraha na kuamua rufaa usiku kisiwani bila gari wala umeme wa uhakika ana ujuzi ambao maprofesa wengi hawana. Apewe mafunzo mafupi ya ualimu, alipwe posho ya kazi hiyo, na mhadhiri kutoka chuoni afike kila mwezi kukagua. Palipo na upungufu mkubwa zaidi, mwanafunzi apangwe kituo cha afya chenye daktari, si zahanati.

Wengine wanahofia kina cha masomo. Udaktari ni miaka 5 na mwaka mmoja wa mafunzo ya utarajali, na kila idara inalilia muda. Hofu hiyo ni ya kweli, maana muhula hauwezi kuchomekwa bila kitu kingine kupunguzwa. Lakini mwanafunzi hukaa muda mrefu wodini akisubiri zamu ya kumgusa mgonjwa mmoja aliyezungukwa na wenzake 8 au 10. Kwenye kituo cha afya yeye ndiye anayepima presha, anayesikiliza kifua na anayefikiri kwanza. Ubingwa hautapotea, kwani anayeutaka atausomea baadaye, tena akiwa anajua mgonjwa wake alipita wapi kabla ya kumfikia.

Swali la ajira ndilo gumu kuliko yote. Kuna faida gani kumwandaa kijana kwa zahanati ikiwa akihitimu anakaa nyumbani? Mwaka 2017, Kenya ilipotaka kuajiri madaktari 500 kutoka Tanzania na mpango huo ukakwama mahakamani huko, Rais Magufuli aliagiza madaktari 258 waliokuwa tayari kwenda waajiriwe hapahapa. Wataalamu walikuwepo, uhitaji ulikuwepo, na vibali vya ajira ndivyo vilivyokosekana. Mtaala hautoi vibali, na nisingependa mtu aitumie hoja yangu kuifichia serikali wajibu huo. Hata hivyo ajira zinapotangazwa, nyingi huwa za halmashauri za pembezoni, na aliyeishi huko akiwa mwanafunzi hana sababu ya kuripoti kazini kisha kuanza kutafuta uhamisho.

Gharama zipo, ila mahali pa kuanzia pamekwisha kuwekwa. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hutoa fedha za mafunzo kwa vitendo. Kinachokosekana ni nyumba ya kulala wanafunzi watano au sita karibu na kituo, boti salama kwa visiwani, na bajeti ya usimamizi. Chuo kianze na wanafunzi wa mwaka mmoja wa masomo katika wilaya mbili, Ukerewe na Sengerema, kwa idhini ya Tume ya Vyuo Vikuu na makubaliano na waganga wakuu wa wilaya. Wahitimu wa kundi hilo wafuatiliwe kwa miaka 5, wakilinganishwa na wenzao waliobaki wodini: wako wapi, wanafanya nini, na wangapi bado wako kando ya ziwa.