Nani Asemaye "Uthabiti"? Michezo ya Himaya Mbele ya Ushahidi wa Meru na Embu

Kauli mbili zimekuwa zikirudiwarudiwa katika idara za fasihi kila inapotajwa michezo ya kompyuta. Ya kwanza hudai kwamba michezo hiyo si matini, na kwa hiyo mhakiki hana analolitafuta humo. Ya pili, ambayo husemwa na wanafunzi zaidi kuliko walimu wao, hudai kwamba michezo ya mikakati ya kihistoria ni chuo cha historia; kwamba kijana aliyeicheza kwa miezi kadhaa huielewa himaya kuliko mwenzake aliyesoma vitabu. Kauli hizi zinaonekana kukinzana. Kwa hakika ni ndugu, kwa kuwa zote mbili humwepusha msomaji na swali la kwanza la uhakiki wa masimulizi: ni nani anayesimulia, na anasimama wapi anaposimulia?

Uchukuliwe mfano wa Europa Universalis IV, mchezo uliotolewa mwaka 2013 na kampuni ya Paradox ya Uswidi. Mchezaji hukabidhiwa dola mwaka 1444 na huweza kuiongoza hadi 1821. Dola hiyo ina tarakimu moja iitwayo uthabiti, ambayo hushuka hadi hasi tatu na hupanda hadi tatu. Ikishuka, mchezaji huipandisha kwa kulipa alama za utawala. Kila jimbo nalo lina kipimo chake cha msukosuko. Jimbo lililotekwa karibuni, au lenye dini na utamaduni usio wa mtawala, huwa na msukosuko mkubwa. Dawa zake zinajulikana. Mchezaji anaweza kuliachia jimbo mamlaka zaidi ya ndani na kukubali kupungukiwa na kodi, au anaweza kutumia alama za kijeshi kuwatia adabu wakazi wake. Akipiga hesabu vizuri, rangi yake huenea juu ya ramani bila upinzani.

Watetezi wa kauli ya kwanza watasema kwamba hiyo ni kanuni ya hesabu tu. Lakini riwaya nayo, ikitazamwa hivyo, ni wino tu juu ya karatasi. Tarakimu ya uthabiti hufanya kazi ile ile ifanywayo na msimulizi maizi katika riwaya ya kale: hujua yaliyomo nyoyoni mwa watu wote, huyafupisha, na humweleza msikilizaji mmoja tu, yaani mtawala. Mtawaliwa hana usemi ndani ya tarakimu hiyo. Akisikika, husikika kama asilimia inayopanda kila mwezi hadi siku ambapo jeshi la waasi litatokea. Waasi hao huwa na aina na bendera. Hotuba hawana.

Hapana budi kukiri kwamba mchezo huu una unyofu ambao taarifa za wakoloni hazikuwa nao. Huonyesha waziwazi bei ya kila hila. Mkuu wa wilaya aliyeiandikia Nairobi kwamba "wenyeji wametulia" hakuambatisha orodha ya alichokilipa ili watulie. Mchezo huiambatisha. Kasoro yake si uongo. Kasoro ni kuamini kwamba utulivu ni mali ya anayeulipia.

Mchezo mwingine wa kampuni hiyo hiyo, Victoria 3 wa mwaka 2022, unayakaribia zaidi mazingira ya Mlima Kenya, maana muda wake ni 1836 hadi 1936. Humo, jamii nyingi za Afrika zisizokuwa na wafalme huwekwa katika kundi la mataifa yasiyo na utawala wa kati. Zipo kwenye ramani, na zinaweza kuwaka hasira zikinyang'anywa ardhi, lakini hakuna mchezaji anayeruhusiwa kuzichagua. Vita vya Waingereza dhidi ya Waembu vya mwaka 1906, na kuanzishwa kwa kituo cha Meru na Edward Horne mwaka 1908, vyote vinaangukia ndani ya kipindi hicho. Kwa mujibu wa sarufi ya mchezo, kabla ya Horne kufika hapakuwa na mtu Meru wa kutenda jambo. Palikuwa na mahali pa kutendewa.

Sasa ushahidi. Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Wameru, lilikuwa na mahakama yake, sheria zake na ngazi zake za kuingilia kabla ya Horne. Serikali ya kikoloni iliteua machifu wake na kulipuuza baraza hilo, kisha katika miaka ya 1930 ikalirudia. Aliyeongoza jitihada hiyo alikuwa mkuu wa wilaya H. E. Lambert, ambaye wasomaji wa taaluma ya Kiswahili humfahamu kwa jambo jingine kabisa, yaani uchunguzi wake wa Kivumba na Kichifundi katika miaka ya 1950. Katika muongo huo huo wa 1930 serikali iliwaruhusu Waafrika wachache wa Meru, Embu na Kisii kulima kahawa katika vishamba vidogo vilivyosimamiwa kwa karibu, ingawa walowezi walinung'unika. Mchezaji yeyote ataitambua mbinu hii mara moja: mamlaka kidogo ya ndani, mapato kidogo, na msukosuko hushuka. Hadi hapo mchezo na historia vinaafikiana, na watetezi wa kauli ya pili wanaweza kufurahi.

Furaha yao isidumu. Mwaka 1956 Njuri Ncheke, kwa ushirikiano na maafisa wa serikali, ilipiga marufuku tohara ya wasichana. Katika lugha ya mchezo, mtawala alikwisha kumpata wakala halali wa kienyeji, na amri ilipaswa kupita. Kama alivyoonyesha mwanahistoria Lynn M. Thomas, wasichana wa Meru walianza kutahiriana wao kwa wao, wakaitwa Ngaitana, yaani "nitajitahiri mwenyewe". Katika miaka mitatu iliyofuata zaidi ya watu 2,400 walishtakiwa kwa kuikiuka amri hiyo. Si lazima mtu aiunge mkono mila ile, yenye madhara yasiyopingika, ndipo aone uzito wa jina lenyewe. Ni kitenzi katika nafsi ya kwanza. Hakuna kipimo cha jimbo kinachoweza kulibeba, kwa sababu kipimo huijua nafsi ya tatu peke yake, na wasichana wale walikuwa wakiwapinga wazee wa baraza na maafisa wa malkia kwa mkupuo mmoja. Mchezo ungewahesabu upande gani?

Mfano ulio mzito zaidi ni wa vyeti vya uaminifu. Baada ya hali ya hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, lugha ya serikali iliwafunga Wakikuyu, Waembu na Wameru katika fungu moja la washukiwa. Zaidi ya watu milioni moja walihamishiwa kwa nguvu katika vijiji vilivyozungushiwa handaki na ulinzi. Ulipowadia uchaguzi wa Machi 1957, wa kwanza ambamo Waafrika wa Kenya waliwachagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria, mtu wa makabila hayo matatu hakuweza kupiga kura bila cheti kinachothibitisha uaminifu wake. Na si hivyo tu: kwa kadiri ya elimu, mali na sifa nyingine, mpiga kura aliweza kupewa hadi kura tatu. Uaminifu uliopimwa, ukaandikwa, ukatiwa muhuri! Mchezo wa Civilization VI ulipoongezewa kipimo cha uaminifu wa miji mwaka 2018, wengi walikisifu kwa upya wake. Embu na Meru walikuwa wameonjeshwa kipimo cha jinsi hiyo miaka sitini na mmoja kabla.

Na matokeo? Katika Mkoa wa Kati, ambako Wameru wenye vyeti walikuwa wengi kuliko Wakikuyu, Bernard Mate wa Meru alimshinda Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuteuliwa katika baraza hilo mwaka 1944. Kwa hesabu ya mchezo, huo ni ushindi kamili wa mtawala: waaminifu wamemchagua mtu kutoka jimbo tulivu. Lakini Mate na wenzake saba waliochaguliwa waliikataa katiba ya Lyttelton, wakakataa nyadhifa za uwaziri, na kudai viti zaidi. Cheti kilisema jambo moja, aliyekishika akasema jingine. Mtawala alikuwa amesoma maandishi yake mwenyewe akadhani amesoma moyo wa mtu.

Itajibiwa kwamba mchezo ni mchezo, na kwamba hakuna anayedai haki ya pande zote katika bao au sataranji. Jibu hilo lingefaa kama sataranji ingejiita historia. Michezo hii huuzwa kwa majina ya dola halisi, tarehe halisi na ramani halisi, na mwanafunzi hutoka humo akiwa amejifunza kuuliza "himaya ilidumuje?" kana kwamba ndilo swali pekee. Huko Nchiru, mahali palipo na makao ya Njuri Ncheke, pana pia Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, ambako programu za kompyuta hufundishwa. Hakuna sababu ya kifani inayomzuia mwanafunzi wa hapo kuandika mchezo ambao tarakimu zake zinahitilafiana kwa kadiri ya anayezisoma, mzee akiona moja na binti yake nyingine.

Nyenzo zipo tayari katika fasihi simulizi. Kisasili cha Mbwaa, ambacho hupokewa kwa namna nyingi miongoni mwa Wameru, huwaeleza mababu waliokuwa watumwa wa Nguo Ntuune, watu wa mavazi mekundu, karibu na maji makuu. Watawala hao huwapa amri zisizotekelezeka, kama vile kushona kiatu cha ngozi chenye manyoya pande zote mbili au kufua mkuki unaofika mbinguni. Koomenjwe huwaongoza watu wake kulijibu kila fumbo kwa werevu, na kazi zinapotimizwa mtawala hana la kulalamikia. Kwa kipimo chochote cha mchezo, Mbwaa wakati huo ingekuwa na uthabiti wa tatu kamili. Kisha usiku mmoja watu wanaondoka wote, maji yanagawanyika mbele yao, na Nguo Ntuune wanabaki ng'ambo.