Tusiwasingizie Wanazuoni Wetu

Waislamu wenzetu, zimezagaa siku hizi chupa za dawa za mitishamba zinazouzwa nje ya misikiti baada ya sala ya Ijumaa. Muuzaji akiulizwa humo mna nini, hujibu kuwa ni tiba ya wanazuoni wetu wa kale. Sisi tunaona jibu hilo linawadhulumu wanazuoni wenyewe.

Tumtazame Ibn al-Baytar, mzaliwa wa Malaga, Andalusia, mwishoni mwa karne ya 12. Elimu ya mimea aliisoma Sevilla kwa Abu al-Abbas, aliyeitwa al-Nabati, yaani mtu wa mimea. Yapata mwaka 1219 aliihama nchi yake, akapita Afrika ya Kaskazini akichuma na kuuliza, hata akafika Misri, ambako Sultani al-Kamil alimfanya mkuu wa wajuzi wa mitishamba. Alifariki Damascus mwaka 1248.

Kitabu chake kikubwa kinaeleza dawa na vyakula yapata 1,400 kwa mpangilio wa herufi. Kauli za waliomtangulia amezinasibisha na wenyewe, wawe Waislamu au Wayunani kama Dioscorides na Galen. Na zile alizoziona kwa macho yake kuwa si kweli alizitupa, hata kama aliyezisema ni mkubwa. Mimea mingi aliitaja kwa lugha zaidi ya moja, maana jina likikosewa, mgonjwa hunyweshwa sumu.

Zama hizo hizo aliishi Rashid al-Din al-Suri, ambaye habari zake, tukiri, ndizo zinazotupendeza zaidi. Huyu alipanda milima ya Lebanon pamoja na mchoraji mwenye rangi zake. Mmea ulichorwa ukiwa mchanga, ukachorwa tena ulipokomaa na kutoa mbegu, kisha ukachorwa ukiwa mkavu, kwa kuwa mtu aweza kuukuta katika hali yoyote kati ya hizo. Safari tatu kwa jani moja!

Basi wazazi, kabla ya kumnywesha mtoto, muulizeni muuzaji: mti huu unaitwaje, umetumia mzizi au gamba, na nani aliuchuma, wapi? Asiyeweza kujibu hana haki ya kuwataja watu hawa, wala ya kupokea fedha ya mgonjwa wa kisukari aliyeacha vidonge vyake kwa ajili ya chupa hiyo.