MAKISIO YA KAZI YASIWE RAMLI

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, wazazi wa Ruangwa na Nachingwea hukabiliwa na swali lile lile: kijana akasomee nini? Zamani jibu halikuwa gumu. Chuo cha Ualimu kilikuwapo Nachingwea, Serikali ilikuwa ikiajiri, na aliyefuzu alijua atapata darasa la kufundisha. Leo jibu linalosikika vijiweni, na wakati mwingine hata majukwaani kwetu sisi viongozi, ni moja tu: mgodi. Madini ya kinywe yamepatikana Ruangwa, kampuni za kigeni zimekata leseni, na dunia inahitaji betri za magari ya umeme. Basi mzazi auze magunia yake ya ufuta, ampeleke mwanawe akajifunze kuendesha mitambo mikubwa.

Hatusemi kwamba mzazi huyo amekosea. Tunauliza nani amemfanyia hesabu.

Nchi hii ya kusini imekwisha kufanyiwa hesabu za namna hii, na yafaa tuzikumbuke. Mwaka 1946 ujumbe wa John Wakefield ulipita Tanganyika ukaandika taarifa iliyoishawishi Serikali ya Uingereza kulima karanga katika eka zaidi ya milioni tatu, kwa kuhesabu na maeneo ya nchi jirani. Sehemu kubwa kuliko zote ilipangiwa Jimbo la Kusini, na kitovu chake kikawa Nachingwea. Bandari ikaanza kujengwa Mtwara, reli ikaletwa hadi Nachingwea, na vifaru vilivyobaki vitani vikageuzwa kuwa matrekta. Kila kitu kilikisiwa: eka, tani, mbolea, meli. Lakini mafundi wa kuyatengeneza matrekta yale yanapoharibika hawakuwapo wa kutosha, wala muda wa kuwafunza haukutengwa. Mitambo ikasimama kwa kukosa vipuri na mikono yenye ujuzi, huku ardhi ya Kongwa ikikauka na kuwa ngumu kama saruji. Mwanzoni mwa mwaka 1951 mpango ukaachwa, baada ya kugharimu pauni zipatazo milioni 36. Reli nayo ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kijana wa Nachingwea akiambiwa leo kwamba garimoshi liliwahi kufika kwao, hudhani anataniwa.

Huo ulikuwa mkono wa mkoloni, mtu aweza kusema. Haya, tutazame wa kwetu.

Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, ulioanza mwaka 1964, uliweka lengo kwamba ifikapo mwaka 1980 Taifa liwe linajitosheleza kwa wataalamu. Lilikuwa lengo la heshima, na nafasi za masomo ya juu ziligawanywa kwa kufuata hesabu ya mahitaji. Hata hivyo hesabu ile iliwatazama zaidi watu wa ngazi za juu. Lilipokuja Azimio la Musoma mwaka 1974 na kutaka kila mtoto apate nafasi shuleni ifikapo mwaka 1977, ilidhihirika kwamba walimu hawatoshi hata kidogo, ikabidi wachukuliwe vijana waliomaliza darasa la saba, wakafunzwa huku wakifundisha. Mwandishi wa safu hii alifundishwa hesabu na mmoja wao, wala halalamiki. Lakini hakuna jedwali lililokuwa limemwona mwalimu yule akija.

Korosho ndiyo inayotuuma zaidi, maana madhara yake tunayo mpaka leo. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani 145,000. Kwa kuutazama mstari ule uliokuwa ukipanda, viwanda kumi na viwili vilijengwa kwa fedha za mikopo, kimoja kikiwa hapa Nachingwea, na vyote kwa pamoja vilikuwa na uwezo wa kubangua zaidi ya tani laki moja kwa mwaka. Waliokisia hawakuona kwamba mkulima amehamishiwa kijiji cha mbali na mikorosho yake, kwamba bei anayolipwa haimpi moyo wa kupalilia, na kwamba ugonjwa wa ubwiriunga unaingia mashambani. Msimu wa 1986/87 mavuno hayakufika hata tani 20,000. Mashine zilikosa kazi, na waliofunzwa kuziendesha wakarudi kwenye jembe. Kisha mambo yakageuka tena. Salfa ikapuliziwa, mikorosho ikabebeshwa vikonyo vya mbegu bora kutoka Naliendele, na msimu wa 2017/18 mavuno yakapita tani 300,000. Safari hii aliyekosekana ni mbanguaji! Sehemu kubwa ya korosho ikapakiwa meli ikiwa ghafi, ikaenda kutoa ajira India na Vietnam.

Nikeli ya Ntaka, wilayani Nachingwea, haina hadithi ndefu. Vijana waliahidiwa kazi. Leseni ya kuhodhi eneo ikafutwa mwaka 2018 baada ya sheria kubadilishwa. Shauri likaenda kwa wasuluhishi wa kimataifa, na mwaka 2023 Tanzania ikaamriwa kulipa fidia ya zaidi ya dola milioni 100. Aliyekuwa amejiandaa kwa mgodi ule hakuandikwa katika hukumu hiyo.

Sasa tumefika kwenye kinywe. Soko lake linategemea sana China, ambayo ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya madini hayo duniani na ambayo mwezi Desemba 2023 iliweka masharti ya vibali vya kuyauza nje. Viwanda vya betri vinaweza pia kutumia kinywe cha kutengenezwa. Ng'ambo ya Ruvuma, mgodi wa Balama ulisimamisha uzalishaji mwaka 2020 mahitaji yalipopungua, na Desemba 2024 ukatangaza kushindwa kutimiza wajibu wake kwa sababu ya maandamano. Waliofanya kazi Balama ni vijana kama wa kwetu. Isitoshe, mgodi huajiri watu wengi wakati wa ujenzi, waashi na wachomeleaji na madereva, kwa miezi michache. Uzalishaji ukianza hubaki watu wachache, na hao ni mafundi umeme, mafundi pampu, mafundi wa mitambo, wasimamizi wa uchenjuaji na watu wa maabara. Anayesema "mgodi utaleta ajira" bila kutenganisha makundi haya mawili anapiga ramli.

Waliopitia chuo cha Kurani wanaikumbuka habari ya Nabii Yusufu. Hakuishia kumwambia mfalme kwamba miaka saba ya neema itafuatwa na saba ya njaa; alieleza na namna ya kuweka akiba, nafaka iachwe masukeni mwake. Kwa upande wetu, ghala ni ufundi wenye mabwana wawili. Fundi pampu wa mgodini ndiye fundi wa visima vya vijiji. Fundi umeme wa kinu cha kinywe anahitajiwa na kiwanda cha kubangulia korosho, na anayejua injini ndogo hatakosa mashine za kupulizia salfa za kutengeneza kila msimu. Ufundi wa namna hiyo ndio utangulizwe, na kozi inayotegemea mwajiri mmoja ifuate baadaye, tena kwa idadi ndogo.

Kwa bahati njia zipo. Kanuni za mwaka 2018 zinaitaka kila kampuni ya madini kuwasilisha kwa Tume ya Madini mpango wake wa kuajiri na kufunza Watanzania. Chama kikuu cha ushirika cha RUNALI kinajua tani za korosho na ufuta zinazotoka Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Toleo la mwaka 2023 la Sera ya Elimu limefungua mkondo wa amali katika sekondari, na mtu lazima aamue ni amali ipi ifundishwe wapi. Lakini karatasi hizi zimo katika makabati mbalimbali, na hatujasikia baraza la madiwani lililokaa likazisoma kwa pamoja. Tunawaomba Wakurugenzi wa Halmashauri zote mbili waziombe, wazilinganishe, na muhtasari wake ubandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila kata kabla fomu za vyuo hazijaanza kugawiwa. Mzazi anayeuza ufuta wake ana haki ya kuusoma kabla hajalipa ada.