Nyumba Ikianguka, Tuulize Nini?



Juma lililopita, kisha likelemba, tulibishana sana. Mama mmoja alituonyesha kwenye simu video ya Lagos, kule Nigeria: ndege inapita juu ya nyumba ya etaji, baadaye nyumba inaanguka yote. "Muone! Ndege ndiyo iliiangusha." Wengi walikubali. Wengine walisema ni bomu la maadui.

Tukumbuke habari yenyewe. Tarehe 12 Septemba 2014, nyumba ya wageni ya kanisa moja la Lagos ilianguka. Watu 116 walikufa, wengi wao wageni kutoka Afrika ya Kusini. Upande wa kanisa walisema kuna ndege ya ajabu iliyozunguka juu. Uchunguzi ulifanyika, na mwaka 2015 hakimu alitoa jibu: nyumba haikujengwa kwa nguvu ya kubeba uzito wake, tena haikuwa na ruhusa ya ujenzi.

"Na ndege tuliyoiona?" mama aliniuliza. Ni swali zuri. Ndege ilipita kweli. Lakini hata jogoo huwika kabla ya jua kutoka, wala si yeye analitoa.

Simcheki mama huyu. Wakubwa wametudanganya mara nyingi, ndiyo maana hatuwaamini upesi. Lakini tujiulize: habari ya ndege inamsaidia nani? Kama adui alitoka angani, basi hakuna wa kumuuliza aliyejenga. Yeye analala usingizi, wafiwa wanabaki na machozi.

Jambo hili linatugusa hapa. Katika shule ya mtaa wetu, ukuta wa darasa la pili una ufa unaoingiza vidole. Tayari watu wananong'ona kwamba ni uchawi. Mbele ya kumtafuta mchawi, tuulize: Nani alijenga? Nani alitoa ruhusa? Simenti na vyuma vilitosha? Je, kuna uzito ulioongezwa juu ya msingi wa zamani?

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu una watoto chini yake. Jumatano saa mbili asubuhi tukutane mbele ya soko, twende pamoja kwa direkta. Tumuombe watoto wasomee chini ya mti mpaka fundi mwenye kujua kazi aangalie ukuta ule. Hata kama mvua inatishia, tuje.