Waayalandi watumwa? Muulizeni Nell

Shemeji yangu aliyehamia Minnesota ametuletea kwenye kundi la WhatsApp la ukoo picha ya watoto wa Kizungu waliojaa masizi usoni. Chini yake kuna maneno: Waayalandi walikuwa watumwa Marekani kabla ya Mwafrika, wakavumilia, wakachapa kazi, leo wanatajirika, mbona mtu mweusi bado analia? Wajomba wawili wakajibu hapo hapo, "Kweli kabisa!" Ni wajomba wale wale ambao ukitangazwa mchango wa msiba simu zao huishiwa chaji kwa wiki nzima.

Nianze na hiyo picha, maana kwao ndiyo ushahidi. Ilipigwa na Lewis Hine mwaka 1911 kwenye mgodi wa makaa ya mawe Pennsylvania, na watoto wale walikuwa vibarua. "Utumwa" tunaohubiriwa ni wa miaka ya 1600, zaidi ya karne moja na nusu kabla kamera haijabuniwa. Labda malaika Jibrili aliteremka nayo kisiwani Barbados, huko Karibi.

Ndiyo, najua, mtanitajia Cromwell, jemadari wa Kiingereza. Baada ya kuivamia Ayalandi mwaka 1649, watu wake waliwasomba wafungwa na maskini kwa nguvu wakawapeleka visiwani Karibi, na wengi walifia kwenye miwa. Waliobaki walikuwa watumishi wa mkataba, kama manamba wetu wa mkonge: unapigwa, unalala njaa, hata mkataba wako unauzwa kwa tajiri mwingine, lakini miaka ikiisha unaondoka. Maryland walikuwa wanampa anayemaliza nguo, shoka, majembe na mapipa ya mahindi. Barbados yenyewe, mwaka 1661, ilitunga sheria mbili mbalimbali, moja ya watumishi na nyingine ya watumwa. Wenye mashamba ya miwa waliijua tofauti. Shemeji mwenye intaneti ya kasi haijui.

Swali langu ni moja, nami sitachoka kuliuliza: mtoto wa huyo mnayemwita mtumwa alizaliwa nani? Mtoto wa mtumishi wa Kiayalandi alizaliwa huru, na wa mtumwa Mwafrika alizaliwa mali ya mtu. Hapo ndipo penye utumwa. Viboko hata vibarua walipigwa.

Kama mnapenda nasaba, nitawapa nasaba. Aliingia Maryland binti wa Kiayalandi, Eleanor Butler, wakamwita Irish Nell, mtumishi wa Lord Baltimore, mwenye koloni. Akampenda Charles, mtumwa Mwafrika wa ukoo wa Boarman. Wazee walioitwa kutoa ushahidi miaka mingi baadaye walisimulia kwamba siku ya harusi bwana mkubwa Baltimore alimkemea: utajifanya mtumwa, wewe na kizazi chako! Nell akamjibu kwamba ni heri aolewe na Charles kuliko kuolewa na yeye bwana. Akaolewa mwaka 1681, tena mbele ya padri.

Sheria ya Maryland ya mwaka 1664 ilisema mwanamke huru akiolewa na mtumwa, atamtumikia bwana wa mumewe maisha yote ya mume huyo, na watoto watakuwa watumwa kama baba yao. Jirani zao Virginia walikuwa wameshaandika mwaka 1662 kwamba mtoto hufuata hali ya mama. Kule mama, huku baba. Sheria ilijua kupinda popote ilipotakiwa kupinda, mradi mtoto mweusi asitoke nje ya zizi.

Basi wajukuu wa Nell wakawa watumwa. Haya, shemeji, hao ndio Waayalandi wako watumwa! Sasa niambie kilichowafanya watumwa. Damu ya Ayalandi, au babu yao Charles?

Mwaka huo huo wa 1681, mara tu baada ya harusi, sheria ile ikarekebishwa ili mabwana wasiozeshe watumishi wao wa kike kwa watumwa kwa tamaa ya kuvuna watoto. Nell alikuwa ameshachelewa.

Upande wa pili wapo wakina Carroll, Waayalandi ambao vitabu vinawapamba kama mfano wa wahamiaji waliojikwamua. Charles Carroll alishuka Maryland mwaka 1688 akiwa na uteuzi wa Mwanasheria Mkuu mkononi. Cheo kilipeperushwa na mapinduzi ya Waprotestanti mwaka uliofuata, lakini akamwoa Mary Darnall, binti wa wakala wa Lord Baltimore, na alipofariki mwaka 1720 alikuwa na ardhi kuliko mtu yeyote kolonini, na watumwa zaidi ya mia. Mjukuu wake alitia saini Azimio la Uhuru mwaka 1776, Mkatoliki pekee kati ya waliosaini, huku akimiliki mamia ya watu. Ni kweli Wakatoliki walinyimwa kura mwaka 1718. Wakina Carroll walinyimwa wakiwa wamekaa barazani, wakipepewa.

Na nasaba yao? Inapanda mpaka kwa watawala wa Éile huko Ayalandi. (Sisi wa pwani ugonjwa huu tunaufahamu, kila mwenye kanzu iliyopigwa pasi ana babu aliyetoka Shirazi.) Waliowalimia tumbaku utawakuta kwenye orodha za mirathi: jina moja, umri, bei, halafu ng'ombe na vitanda.

Uzao wa Nell ulikwenda mahakamani, William na Mary Butler, mume na mke. Wakashinda mwaka 1770, kisha rufaa ya mwaka 1771 ikawarudisha utumwani. Binti yao, naye Mary, akafungua kesi upya na mwaka 1787 akashinda, kwa kuwa hapakuwa na rekodi yoyote ya Nell kutiwa hatiani kwa ndoa ile. Mahakama ya rufaa ikathibitisha mwaka 1791. Kilichomtoa Mary ni bibi mzungu aliyeweza kumtaja kwa jina. Waliolima naye mashamba yale yale bila bibi wa namna hiyo, wao na vizazi vyao, walisubiri mpaka tarehe 1 Novemba 1864, katiba mpya ya Maryland ilipoufuta utumwa.