KABLA HUJACHEKA, ULIZA



Filamu ya Darkon (2006) inaonyesha watu wazima wa Baltimore, Marekani, ambao wikendi huvaa kama mashujaa wa kale na kupigana kwa panga za sponji. Mtazamaji husema haraka: "Hawa wamekosa kazi." Kumbe wana kazi, wana na watoto.

Hapa Mombasa mababu zetu walicheza beni. Walivaa sare za kijeshi, wakajipa vyeo vya mfalme na jemadari, wakapiga gwaride. Wakoloni wengine waliwacheka, wengine wakaogopa uasi. Hawakuona kwamba mwenzao akifiwa, kundi lilisimama naye.

Sasa fikiria mpita njia arekodi sekunde 30 za kesha letu Changamwe: tunalia, tunaruka, tunanena kwa lugha. Asiyetujua atasema nini?

Hata nabii Samweli alidanganywa na kimo cha Eliabu (1 Samweli 16:7).

Sisemi kila mchezo unampendeza Mungu. Lakini mwanao akivaa kama katuni za Kijapani, keti naye, muulize anapata nini pale. Ukianza na kicheko, hatakwambia lolote tena.