Askari Hawakuambiwa Ukweli



Tarehe 14 Desemba 1825, kwa kalenda ya Warusi ya wakati ule, askari wapatao elfu tatu walisimama katika Uwanja wa Seneti mjini St Petersburg, wakakataa kumlia kiapo mfalme mpya, Nikolai wa Kwanza. Waliowaongoza hawakusukumwa na njaa. Walikuwa maafisa wa jeshi, wana wa makabaila, wenye vyeo na mashamba. Baadhi yao walikuwa wamefika Ufaransa wakimfukuza Napoleon, wakajionea nchi ambamo mkulima si mali ya mtu. Kwao Urusi, mamilioni ya wakulima walimilikiwa na mabwana pamoja na ardhi waliyoilima. Maafisa hawa walitaka unyonge huo ukome na mamlaka ya mfalme yabanwe na katiba. Wengine, kama Kanali Pavel Pestel, walitaka mfalme asiwepo kabisa.

Madai yao yalikuwa ya haki. Lakini je, waliwaambia nini wale askari, ambao walikuwa watoto wa wakulima hao hao?

Waliwaambia uongo. Mfalme Aleksandr alikuwa amefariki bila mrithi, na nduguye Konstantin alikuwa amekwisha kukikataa kiti kwa siri. Maafisa wakawaaminisha askari kwamba Konstantin amenyang'anywa haki yake, na kwamba wanakwenda uwanjani kumtetea mfalme wao halali. Husimuliwa kwamba askari walipiga kelele wakidai "Konstantin na Katiba", wakidhani Katiba ni jina la mke wa Konstantin. Huenda kisa hiki kimetiwa chumvi na watu wa serikali. Hata hivyo, aibu yake inawaangukia waliojua maana ya neno hilo na hawakuwafafanulia wenzao.

Mwanamfalme Sergei Trubetskoy, aliyechaguliwa kuwa kiongozi wa siku ile, hakutokea. Askari wakasimama katika baridi kali wakingoja amri isiyokuja. Nikolai alimtuma Askofu Mkuu Serafim, msalaba mkononi, awasihi waweke silaha chini, wakamrudisha alikotoka. Giza lilipokaribia, mizinga ikafyatuliwa. Waliokimbilia juu ya barafu ya mto Neva walifuatwa na makombora huko huko.

Tarehe 13 Julai 1826 viongozi watano walinyongwa. Kamba za watatu zilikatika, wakapandishwa tena. Zaidi ya mia walipelekwa Siberia, na baadhi ya wake zao wakawafuata. Maria Volkonskaya alimwacha nyuma mtoto wake mchanga. Mashujaa hao na wake zao wameandikiwa vitabu vingi, nasi hatuwanyimi heshima yao. Ila askari walipitishwa kati ya safu mbili za wenzao wakichapwa fimbo, na wengi wakapelekwa kupigana vita vya Kaukazi. Ni nani anayeyataja majina yao? Mwaka huo huo wa 1826 Nikolai aliunda idara ya polisi wa siri, na wakulima wakabaki mali ya mabwana hadi mwaka 1861.

Kuna sura moja ya habari hii inayowahusu hasa wasomaji wetu wa makanisani. Kusini, mjini Vasilkov, Sergei Muravyov-Apostol alikuwa ameandika katekisimu ya maswali na majibu, na tarehe 31 Desemba 1825 kasisi wa kikosi akawasomea askari. Iliwakumbusha jinsi Israeli walivyomdai Samweli awape mfalme, na jinsi jambo hilo lilivyomchukiza Mungu. Hapo walau mtu alijaribu kuwaeleza askari sababu ya kufa kwao. Lakini alichelewa. Somo la siku moja halikuwaingia watu ambao hawakuwa wamefundishwa lolote kabla, na Muravyov naye akalirudia jina la Konstantin. Siku tatu baadaye kikosi chake kilivunjwa kwa mizinga.

Sisi Kenya tunayo katiba tangu tarehe 27 Agosti 2010, na iligharimu damu. Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani, bila silaha. Kifungu cha 49 kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Tunawauliza wachungaji, mapadri na viongozi wa vikundi, na sisi wenyewe wa jarida hili tumo katika swali hili: mnapowaita vijana waje barabarani, ni wangapi kati yao mmekaa nao na kuvisoma vifungu hivyo, katika lugha wanayoielewa, kabla ya siku yenyewe kufika?